Baba Mkwe Kwenye Pikipiki ya Theluji

Jamani wana listi yetu ya barua pepe, leo nimeaibika mchana kweupe. Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto, na Ambwene, mume wangu, bado anacheka huko chumbani.

Mnajua baba mkwe yuko kwetu Columbia Heights, hapa Minnesota. Kwao Tukuyu mkwe na mkamwana hawagusani, hata kutazamana ni shughuli. Sasa jaribu hayo kwenye apatimenti ya chumba kimoja! Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nikikaa sebuleni, anavaa koti anakwenda kusimama kituo cha basi, kwenye baridi ile, na basi hapandi. Akitaka kunisifu anamtuma mwanawe: "Mwambie mwenzio chai ilikuwa nzuri." Juzi akamwambia Ambwene amtafutie tiketi ya kurudi mapema, maana anaona anatubana. Niliumia. Mimi baba yangu alishafariki, na huyu nilimtaka awe wangu.

Nikaona dawa ni pikipiki yangu ya theluji. (Ndiyo, ni yangu. Ambwene anaiogopa.) Zamani ilikuwa inazama kila ikikuta theluji laini. Safari hii nimeifungia mkanda mrefu wenye meno marefu, ule unaozunguka chini kuisukuma, na mbele nimeiwekea skii pana, zile bapa za kutelezea, ili uzito usambae na iende juu juu badala ya kuchimba. Nilipoijaribu peke yangu, ilielea kama andazi kwenye mafuta.

Leo tukaenda shambani kwa mwenzangu wa kazini, mbele ya Coon Rapids. Theluji ilikuwa mpaka mapajani. Mzee akaizunguka mashine, akaipigapiga kwa kiganja, akakubali kupanda. Nilifurahi mno.

Sasa, kwenye theluji laini abiria anatakiwa akae karibu na dereva, amshike, na mkiinama upande muiname pamoja. Mzee akakaa mwisho kabisa wa kiti, akashika chuma cha nyuma, na katikati yetu akaweka blanketi lililokunjwa. Ningemwambia nini? Baba, nishike kiuno? (Sema wewe kama una ubavu.) Nikatia moto.

Uzito wote nyuma! Pua ikapanda, mkia ukaanza kuchimba, na skii zangu pana zikawa zinapiga saluti hewani. Nikakata kushoto, mashine ikakataa. Nikaegemea kushoto, mzee, kwa heshima zake, akaegemea kulia. Tukapinduka.

Nilitua kichwa chini, miguu juu. Mbele ya baba mkwe! Yeye akajikokota mpaka nilipo, akageuza uso pembeni asinione, akanyoosha mkono nyuma akipapasa hewa. (Haya nimesimuliwa na Ambwene, aliyekuwa anatazama toka kwenye gari.) Akapata buti langu, akavuta. Buti likatoka, mzee akaanguka nalo chali, na mguu wangu ukabaki juu na soksi iliyotoboka kisigino.

Kisha nikamsikia akisema, "Mila itanisamehe." Akanishika miguu yote kwa mikono miwili, akaning'oa kama muhogo. Akachukua lile blanketi, akanipangusa theluji usoni taratibu.

"Umeumia, mwanangu?"

Tangu niolewe hakuwahi kuniita chochote. Nikalia, nikacheka, vyote pamoja. Naye akacheka mpaka akakaa chini kwenye theluji. Wakati wa kurudi alinishika mabega kwa nguvu, tukainama pamoja kila kona, na mashine haikuzama hata mara moja.

Jioni hii amekaa meza moja nami, akaniomba chai kwa mdomo wake mwenyewe. Halafu akamwambia mwanawe ile tiketi isubiri mpaka theluji iyeyuke. Wa Minnesota mnajua hiyo ni lini. Nampenda mzee wangu, kweli nampenda, lakini choo ni kimoja, na asiyewahi kupanga foleni nyuma ya baba mkwe asinicheke.