Arubuni ya Mbata

Mwaka wa arobaini na saba, pale Changamwe, Dishon alimwona Kafedha kando ya karai la mihogo akihesabu shilingi zake sitini za mabati. Kiganja kikamwasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mihogo ya senti ngapi?"

"Mihogo? Mimi nakuletea nyumba nzima!"

Akatoa karatasi mbili. Moja, Kafedha ananunua kwake magunia arobaini ya mbata, nazi kavu za kukamua mafuta, mwisho wa Machi. Ya pili, Kafedha anamuuzia Dishon arobaini hayo mwisho wa Aprili, bei ya juu.

"Mbata yenyewe huioni, mama. Unakula tofauti ya bei."

"Na arubuni ya kufungia biashara?"

"Ishirini tu! Karatasi hizi zimeshikana mikono. Bei ikikuumiza huku, kule inakupoza."

Mnunuzi akighairi, arubuni imepotea. Muuzaji akishindwa, anarudisha mara mbili. Hilo Dishon aliliandika mwenyewe, karatasi inukie haki. Kina mama wenzangu, ukiona tapeli anaandika haki, kaza fundo la leso! Kafedha alilifungua.

Machi ilipobakiza wiki, Dishon huyo.

"Karatasi ya Machi inaiva, mama. Ikiiva, ya Aprili inabaki peke yake, haina wa kuishika mkono. Arubuni inapanda. Leta arobaini."

Mabati yote yakaenda. Siku ya mwisho asubuhi, akataka sitini nyingine kabla ya adhuhuri.

"La sivyo zote zimepotea. Nami naumia, wallahi."

Dishon alijua mama hana. Tiketi ya treni alikuwa nayo mfukoni.

Saa tano Kafedha akamfuata chumbani kwake, akamwekea sitini mezani. Dishon alishangaa, lakini mkono haukushangaa: ukazoa, ukatia sahihi kwamba arubuni imetimia. Ndipo lori likanguruma mlangoni. Akashuka Elkana, mnunuzi wa mbata wa kiwanda cha sabuni, na wapakizi wanne wenye vifua kama makabati.

"Sitini hizo ni zangu," Elkana akasema. "Mama kaniuzia mzigo wake wa Machi. Uko wapi?"

"U-uko njiani."

"Njia gani? Petroli tunayo, tuufuate."

"Mbali, bwana."

"Twende tu," wapakizi wakasema, wakikunja mikono ya shati.

Muuzaji kashindwa. Mia na ishirini mara mbili: mia mbili na arobaini. Dishon akakung'uta mifuko, soksi, hata utepe wa kofia. Ikafika mia na tisini. Akamalizia kwa baiskeli.

Elkana akachukua sitini zake na kitu kidogo cha petroli. Kafedha kuendesha hakujua. Akaikokota baiskeli hadi duka la mabati, akipiga kengele njia nzima, na watu wakimpisha.