Njia ya Kwenda Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo unauma kama kawaida. Asubuhi tumebeba vitofali vya njia, mchana tukaambiwa tuvirudishe vilikotoka. Bibi Ramani, yule dada anayechora mipango ya chuo hiki, amesema hachori njia kati ya maktaba mpya na mabweni mapya. Anasubiri. Wanafunzi watembee wanavyotaka. Mahali nyasi zitakapokufa, hapo ndipo tutakapotandika vitofali. Nyapara wetu akamwuliza kwa adabu, yaani dada, mhandisi sasa ni nyasi? Akajibu ndiyo, tena hazichelewi kazini.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nina kibanda cha chai.

Kibanda chenyewe ni mabati mabovu na mbao zilizobaki za kumwagia zege, nyuma ya tangi la maji. Nyapara kaniruhusu kwa sharti kwamba chai yake haina bei. Hapapiti mtu. Hata mbwa wa walinzi hapiti. Lakini njia ikija huku, mabweni yote yatapita mlangoni kwangu na njaa zao. Nitaiaga saruji. Na mke wangu atakuja. Alishasema hatoki kwao kuja kulala chumba kimoja na wanaume wenzangu wanaokoroma. Nikipata mahali pa yeye kuweka sufuria na kuuza, nimwite siku hiyo hiyo.

Basi nyasi zife. Nitazisaidia.

Jumatano, 5 Machi

Shida ni Kinyozi. Banda lake liko kwenye mstari ulionyooka kabisa kutoka maktaba hadi mabweni. Hakutumia akili yoyote, bahati tu ilimtupa hapo. Wanafunzi wanamiminika kwake.

Nimeanza kukanyaga njia yangu. Nimekwenda na toroli la mchanga, nimerudi na toroli lile lile, mchanga ule ule. Nyapara akauliza mchanga huo unapelekwa wapi. Nikasema unapunga upepo. Akasema siku moja nitampandisha presha afie kazini, na mazishi nitagharamia mimi.

Jioni miguu imevimba. Nyasi zililala kidogo, zikainuka. Nyasi za chuo zina kiburi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mapumziko. Nimechukua utepe wa hatari stoo, ule mwekundu na mweupe, nikaufunga kukata njia ya Kinyozi. Nikasimama pembeni na kofia ya kazi, uso wa kiserikali.

Akaja binti mmoja na vitabu vyake, akaniuliza, mzee, hatari yenyewe iko wapi, mbona naona nyasi tu? Nikamwambia hatari mbaya ni ile isiyoonekana. Akaruka utepe. Wenzake nao wakaruka. Mmoja alirudi kuruka tena kwa sababu rafiki yake hakuwahi kumpiga picha.

Kinyozi akatoka na mkasi mkononi, akauliza utepe ni wa nani. Nikasema wa kampuni. Akasema basi nimfikishie shukrani zake kwa kampuni. Akaukata, akaufunga kwenye banda lake, akaanikia taulo.

Ijumaa, 14 Machi

Kinyozi ameshtuka. Sijui nani kamwambia habari za nyasi. Labda Nyapara, maana kule ananyolewa bure kama anavyokunywa bure huku.

Sasa huyu bwana ameng'oa kioo chake na kukitundika kwenye mti karibu na maktaba. Mteja akishanyolewa, akitaka kujiona, sharti atembee mpaka kule akajitazame, kisha arudi kulalamika. Vichwa vinakwenda na kurudi siku nzima. Njia yake imeanza kuwa nyeupe. Kusema kweli nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Nikamjibu. Chai nikaiacha kibandani, sukari nikaiweka mlangoni mwa maktaba. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mlinzi. Akaondoka na kikombe kufuata sukari. Mlinzi hakurudi, kikombe hakikurudi, na sukari nayo haikurudi. Nilipofuatilia nikawakuta walinzi wote getini wanakunywa chai tamu. Wakanikaribisha.

Mke wangu akapiga simu kuuliza biashara inaendaje. Nikasema imeanza kuchangamka. Akasema, baba, nakujua. Nikamwuliza ananijuaje wakati hatujaonana mwaka mzima. Akasema ndiyo sababu bado ananipenda.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata dawa. Maji ya kuoshea mashine ya zege! Yakimwagika penye mmea, mmea umekwisha. Vidole vyangu ni mashahidi, vimeliwa na maji hayo miaka na miaka.

Nimejitolea kuosha mashine kila jioni. Nyapara akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Akiondoka tu, mimi na ndoo, kutoka maktaba, nyuma ya tangi, mpaka mabwenini. Namwaga mstari mwembamba. Pana mteremko pale, maji yanajitanua yenyewe. Sikuyazuia. Neema ikija unaiwekea mipaka ya nini?

Jumanne, 25 Machi

Zimekufa. Njia pana, kavu, ya kijivu, inatoka maktaba, inazunguka tangi, inapita mlangoni kwangu, inafika mabwenini. Ile ya Kinyozi ukiitazama sasa utadhani amepita kuku.

Kinyozi mwenyewe alikuja kuona. Akasimama, akavua kofia. Kisha akaniuliza, hivi kaka, wanaopita hapa ni watu au ni ng'ombe? Nikamwambia ni wateja. Akasema basi pole yao, maana hakuna hata unyayo mmoja.

Husuda hiyo. Nikampigia mke wangu, nikamwambia afunge mizigo. Akauliza kama nina hakika. Nikasema aje na sufuria kubwa. Akasema atauza kuku wake wote apate nauli. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Nilikuwa nimeisahau.

Ijumaa, 28 Machi

Bibi Ramani amekuja. Alisimama katikati ya njia yangu, akanyoosha mikono kushoto na kulia, haikukaribia kingo. Akafurahi mno. Akasema hajawahi kuona watu wakipenda kupita mahali kiasi hiki. Mimi nikainama kama nafunga kamba za mabuti, ili asione nacheka.

Halafu akasema njia pana namna hii si ya miguu. Hii ni barabara. Kumbe muda wote alikuwa anatafuta pa kupitisha gari la zimamoto hadi mabwenini. Wapimaji wakapigilia vigingi papo hapo. Kimoja kimesimama kwenye jiko langu.

Nikasema, dada, hapa kuna kibanda. Akasema kwa upole, pole baba, kibanda kitapisha. Nyapara akauliza ni nani wa kukivunja, kisha akajijibu mwenyewe: aliyekijenga, kwa kuwa anajua misumari ilipo.

Nimekivunja kwa nyundo yangu mwenyewe. Kinyozi alikuja kunishikia mbao upande wa pili. Alisaidia, sikatai. Lakini alikuwa anaimba. Wiki ijayo njia yake inatandikwa vitofali, na watandikaji ni sisi.

Jioni mke wangu akapiga simu akiwa ndani ya basi. Nikamwambia barabara imefika mpaka ndani ya kibanda. Si uongo. Akasema Mungu mkubwa.

Jumatatu, 31 Machi

Amefika. Nilimwonyesha vigingi. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali apige. Akauliza, ni wewe uliyeua nyasi zote hizi? Nikasema ndiyo. Akauliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akachukua mzigo wake, akaenda kuukalia nyuma ya ukumbi mpya wa mihadhara, penye kivuli, akanipa mgongo. Akasema kesho anarudi kwao, na kuku wake nitawatafuta mimi, mmoja mmoja, kwa majina.

Wakapita Bibi Ramani na Nyapara. Bibi Ramani akasimama, akamtazama mke wangu kwa makini. Akamwambia Nyapara, unaona, hata mabenchi sitayachora. Tutazame kwanza watu wanapenda kukaa wapi, hapo tutajenga, na jirani yake tutaruhusu vibanda vya chai.

Nilikaa chini kabla hajamaliza kusema.

Nimemweleza mke wangu, nikamsihi asinyanyuke hata kidogo. Akasema hata akitaka hawezi, miguu imekufa ganzi kwa safari. Akauliza sufuria aiweke wapi. Nikamwambia hapo katikati, ivishe kanga, kwa mbali itaonekana mtu. Amenitazama muda mrefu, lakini ameivisha.

Sasa nawaza. Watu wawili na sufuria ni kitu gani? Benchi moja, basi. Kesho mapumziko ya mchana naleta kikosi kizima cha zege, na waashi, na mafundi rangi, walale hapa kabisa, Bibi Ramani akija akose hata pa kuweka mguu. Watu wengi hivyo, lazima mahali hapa watatujengea kitu kikubwa sana.