Kadi Arobaini za Kwenda

Jumatatu, tarehe 3
Maji ya shingo. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, anataka chumba cha uani aweke cherehani zake. Reli yangu ya mfano imo humo: stesheni ya kwetu nzima juu ya mbao nne, hadi tangi la maji, na bandari upande wa pili. Nimemsihi. Akasema, kwa heshima zote, treni inayozunguka tu ni mchezo. Kama ni kazi, Jumamosi aione ikifanya kazi. Shehena zipakiwe, zifike, pasiwe na ugomvi. La sivyo, cherehani. Kilichobaki ni kuchagua utaratibu.

Jumanne, tarehe 4
Shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, kaja na dadu. Kila behewa lirushiwe. Likipata sita, liende bandarini. Nikamuuliza tangu lini mkaa ukasafiri kwa bahati nasibu. Akajibu kwamba kwetu hata abiria walisafiri hivyo. Ulimi wembe!
Nitatumia kadi. Kila behewa na yake: limetoka wapi, limebeba nini, linakwenda wapi, kwa nani. Ndivyo nilivyofanya nilipokuwa karani wa mizigo.

Jumatano, tarehe 5
Kadi arobaini tayari. Sikubuni hata moja. Nimezitoa kichwani, kama zilivyokuwa katika daftari la siku yangu ya mwisho kazini, siku mji mzima ulipohama. Behewa la saba, magodoro. La kumi na mbili, vitanda vya hospitali. La ishirini, milango ya shule. Uhalisi gani tena?

Alhamisi, tarehe 6
Majaribio. Kufikia adhuhuri mabehewa yote yamerundikana bandarini. Stesheni ya kwetu tupu. Kichwa cha treni kimezibwa, hakina pa kupita.
Shemeji akazipitia kadi moja moja. Kisha: "Shemeji, hapa hakuna hata kadi moja ya kurudi."
Nikamwambia siku ile hakuna kilichorudi. Akasema analijua hilo. Alikuwa ndani ya behewa la saba, juu ya magodoro.
"Andika basi hata mabehewa matupu yarudi."
Nimekataa. Karani haghushi daftari.

Ijumaa, tarehe 7
Dawa imepatikana. Bandari ni ndogo, basi! Nimeirefusha kwa ubao wa pasi wa mkwe wangu. Yeye bado hajui.

Jumamosi, tarehe 8
Treni mbili zilifika salama. Ya tatu ilipofika, ubao wa pasi ukajikunja. Mabehewa kumi na moja sakafuni. Ole wangu.
Mkwe akainama kuokota pamoja nami. Akasoma kadi ya kumi na mbili.
"Baba, hivi vitanda viliwafikia wenyewe?"
Nikaigeuza kadi nyuma na mbele. Kadi inaishia bandarini.
Akanipangusia behewa kwa ncha ya kanga. Cherehani zinaingia Jumatatu.

Jumapili, tarehe 9
Shemeji amenipa sebule yake. Sharti moja: matupu yarudi. Nimemwapia.
Asubuhi nzima nimeandika kadi za kurudi. Tatu tu. Behewa la saba, tupu, stesheni ya kwetu, kwa nani? Kalamu ikagoma.
Nimezichana. Sebule ya Shemeji inakipita chumba cha uani kwa hatua tisa, nimeipima. Bandari itameza mabehewa themanini.