Nane ya Piko

Jumatatu, 3 Februari

Faini ya nne. Imeingia asubuhi, kabla sijanywa chai. Kuzidisha mwendo, Mkata, mkoa wa Tanga. Spidi tisini na nne.

Tisini na nne! Kirikuu yangu, kigari cha mizigo, ukiidondosha kutoka ghorofani haifiki tisini na nne. Ikipita hamsini milango inaanza kupiga makofi. Na siku hiyo wanayosema, mimi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, nimekwama nyuma ya mkokoteni wa viazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mwenye mkokoteni ananijua. Alinitukana.

Kijiweni Hamud ametangaza habari kwa wote. Anasema pengine gari linatoroka nikisinzia, lina mke Tanga. Watu wamecheka mpaka wameshika matairi. Hamud naye ana Kirikuu, haina deni hata moja, na kila jioni anafuta kibao chake cha namba kwa kitambaa kama anafuta miwani. Mtu wa namna hiyo hafai kuaminiwa.

Dada Siwema amesema nichukue kadi ya gari, niende ofisi ya trafiki, niombe picha ya hiyo gari ya Mkata, waone wenyewe si yangu. Nusu siku tu, mdogo wangu, kwisha. Nikamwambia hizo ni foleni za watu waliosoma. Mimi akili nimejisomesha mwenyewe.

Lakini nina wasiwasi. Wakilishika gari, dada atakwendaje hospitali? Jumatatu na Alhamisi nampeleka Upanga kusafishwa figo. Kiti chake cha mashine ni saa nne kamili. Akichelewa anapewa mwingine. Si ubaya wao, wagonjwa ni wengi kuliko mashine.

Alhamisi, 6 Februari

Nimemkamata!

Nimemteremsha dada, nikatafuta kivuli cha kuegesha. Mbele yangu Noah nyeupe, imeandikwa ubavuni TUNASAFIRISHA MISIBA MIKOA YOTE. Namba T 418 DKE. Yangu ni T 413 DKE. Na ile nane yake imekwanguka upande wa kushoto, ukiitazama kwa mbali ni tatu safi kabisa. Nimerudi nyuma hatua kumi kuhakikisha. Tatu.

Kwa hiyo wiki zote hizi nalipishwa mbio za maiti.

Dereva ni kijana mpole, Allen. Nikamuuliza kwa ukali anakimbilia wapi, abiria wake ana haraka gani? Akasema, kaka, hujawahi kusafirisha. Waislamu wanataka kuzika kabla ya Alasiri, Wakristo ubwabwa uko jikoni na padri ana misa nyingine. Kila msiba unamwambia kanyaga, dereva, kanyaga.

Kisha akaniharibia hasira yangu. Akaomba radhi. Akasema Jumamosi twende wote kwa trafiki, yeye atabeba faini zote nne na kibao atabadilisha. Akaandika namba yangu ya simu kwenye kiganja.

Dada alipotoka kwenye mashine nikamsimulia. Akafurahi, akasema umeona, ni jambo la kuongea tu. Nikaitikia sawa.

Lakini njiani, hapo Jangwani, wazo likaja lenyewe. Kama nane yake inaweza kuwa tatu kwa hasara yangu, tatu yangu inashindwaje kuwa nane kwa faida yangu?

Ijumaa, 7 Februari

Dada alikuwa mpakaji wa hina na piko hodari kuliko wote Magomeni. Maharusi walikuwa wanapanga tarehe kwa kumwangalia yeye, si shehe. Tangu mikono ianze kuvimba ameacha. Kopo la piko na brashi yake vimo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda.

Nilisubiri alale baada ya Sala ya Ijumaa.

Kibao cheupe, piko nyeusi. Dakika tano. Mkono ulitetemeka kidogo, nane imevimba tumbo kama aliyetoka kwenye pilau, lakini ni nane. Jioni nimeijaribu. Nimeegesha Msimbazi mahali pasiporuhusiwa, nikatazama kwa mbali trafiki akiandika. Alipokwisha nikaangalia deni langu kwenye simu. Hakuna kipya! Imekwenda kwa Allen.

Nimelala kama mtoto.

Jumamosi, 8 Februari

Allen amepiga simu mara tatu. Yuko ofisi ya trafiki, ananisubiri na pesa mkononi. Nimwite mjinga? Nikienda na gari wataiona nane yangu. Nikienda bila gari watataka kuiona. Nikamwambia nimepata msiba wa ghafla.

Akanipa pole sana. Akauliza kama tunasafirisha.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Mvua ya kijinga, isiyo na msimu.

Tulisimamishwa mataa ya Fire, saa tatu na nusu. Afande mwanamke, Severa, nimewahi kumwona, hacheki ovyo. Akazunguka nyuma ya gari. Akakaa huko muda mrefu. Nikashuka.

Piko ilikuwa inatiririka. Nane yangu inalia, machozi meusi mpaka kwenye bampa. Afande akagusa, akatazama kidole chake, akauliza gari linaolewa lini. Kisha akataka kadi. Kadi inasema tatu. Akanikazia macho, akasema, baba, kudaiwa faini ni jambo moja, kuchezea namba ni jambo jingine. Gari linakwenda kituoni.

Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikamwambia nina mgonjwa ndani, saa nne ana mashine. Nikamkonyeza dada agumie kidogo. Dada akakataa kugumia. Akamwamkia afande salama kabisa, kama yuko harusini.

Afande akaona miguu yake. Akasema basi mgonjwa apande bajaji sasa hivi, awahi, atamsimamishia yeye mwenyewe. Mimi nibaki tuongee.

Hapo nikafikiri haraka. Mgonjwa akiondoka, mimi nabaki na nini? Namba ya piko na uso wangu. Mgonjwa ndiye aliyekuwa kesi yangu yote. Nikasema haiwezekani, dada hawezi bajaji, inamtikisa. Dada akasema anaweza. Nikasema hawezi. Afande akasema mama anasema anaweza. Tukabishana pale mvuani, mimi nikiwa nimeushikilia mlango.

Saa nne na nusu afande akachoka, akafungua mlango kwa nguvu, akamwita mwenye bajaji, akaniacha nipande na dada. Tumefika Upanga karibu saa tano. Kiti kilishapata mtu. Wamesema wakipata nafasi kabla ya Alhamisi watapiga, na akibanwa pumzi tumkimbize.

Kirikuu iko kituoni. Bajaji wala haikumtikisa dada.

Jumanne, 11 Februari

Hamud amechukua mizigo ya mteja wangu, tajiri Nawal, ile ya vitenge. Kwa muda tu, anasema, mpaka utakapokaa sawa. Muda tu! Nyoka.

Dada miguu imejaa. Hawezi kulala chali, anakaa ameegemea mito. Amesema niende leo hii na kadi, nikaseme ukweli, Afande Severa ana moyo. Nikasema nina mpango.

Kisha akaomba kopo lake la piko. Binti wa jirani anaolewa Jumamosi, anataka amchore ua moja tu, la kidole.

Nikasema sijaliona.

Alhamisi, 13 Februari

Dada Siwema amefariki jana asubuhi. Pumzi zilimbana alfajiri. Nilitoka mbio kutafuta gari. Kijiwe kizima, aliyepokea simu ni Hamud. Alikuja na ndala za kuogea. Tulifika mapokezi, dada akanishika mkono, akaniuliza kama nimeenda kwa afande. Nikasema nimeenda, yamekwisha.

Wazee wameamua azikwe Pangani, kwao mama. Niliyempigia ni Allen. Sina dereva wa misiba mwingine ninayemjua. Hakuniuliza ule msiba wa Jumamosi ulikuwa wa nani. Alikataa pesa, akasema nitie mafuta tu.

Tumetoka Upanga na maiti saa nne kamili. Alhamisi. Saa yake.

Chalinze palikuwa na foleni ya malori. Wazee Pangani wanapiga simu, kaburi liko tayari, Alasiri inakaribia. Nilikaa mbele. Nimejisikia nikisema, kanyaga, Allen, kanyaga. Alinitazama mara moja tu. Akakanyaga.

Mkata tukapigwa tochi ya spidi.

Tumewahi Alasiri.

Jumatano, 19 Februari

Matanga yamekwisha. Kituoni wameniachia Kirikuu jana. Afande Severa alisikia habari, akanisemea kwa wakubwa, nikaandika maelezo nikatia sahihi. Kibao wamekifuta kwa petroli, tatu imerudi. Akanipa karatasi, akasema, jaza hii, baba, lete na yule mwenye Noah, zile faini zitafutwa zote. Ni nusu siku tu. Nikashukuru. Leo Hamud naye kaja na mzigo mmoja wa vitenge, eti nianze nao.

Nikaiangalia simu. Faini ya tano, T 413 DKE. Mkata, spidi tisini na sita; nane ya Allen bado inasomeka tatu. Katika zote, hiyo ndiyo pekee niliyokuwepo.

Nimekaa chumbani kwa dada na karatasi ya afande. Nimefikiri sana. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi.

Ilikuwa mvua.

Kopo bado lina piko ya kutosha, na kibao nimekifungua kwenye gari nikakileta humu. Karatasi nimeitandika chini, piko isidondokee sakafuni. Safari hii sikuharakisha. Nimeichora nane taratibu, kwa ncha ya brashi, kama alivyokuwa akichora maua kwenye miguu ya maharusi, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Imetoka nzuri. Angeisifu.

Juu yake nimepaka vanishi.