Meza ya Mvule kwa Kilo Kumi

Jumatatu, 2 Machi 1987. Walukuba, Jinja.

Nimeamka na akili nyingi. Rehemah, mke wangu, amenishika paji la uso akasema ni homa. Si homa. Ni biashara.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa karani wa kiwanda. Mashine zikanyamaza, mshahara ukanyamaza. Sasa nauza samani zilizotumika. Duka ni baraza la nyumba yetu. Leo kuna meza ya mvule na viti sita (fahari yangu!), kitanda cha chuma, kabati lisilo na mlango, na mlango usio na kabati. Hivyo viwili havilingani. Nimejaribu.

Ng'ambo ya njia yuko Gaster, seremala. Yeye hutengeneza vipya. Mteja akisimama kwangu, Gaster huanza kupiga randa kwa nguvu ili nisisikike.

Sasa, bei. Shilingi ya asubuhi si shilingi ya jioni, kwa hiyo mimi napima kwa sukari. Meza yangu na viti vyake ni kilo sitini. Leo Gaster ametangaza, mbele ya mama mmoja aliyekuwa karibu kukubali, kwamba bei ya haki ni kilo thelathini. Mama akaondoka. Nimemwendea Gaster nikamweleza kwamba bei ya haki ina sura mbili, ya kununulia na ya kuuzia, na fundi wa nyundo hawezi kuziona. Aliendelea kugonga. Alikuwa na misumari mdomoni.

Jumanne, 3 Machi.

Siraje, rafiki yangu dereva, amerudi kutoka Mbale na pikapu yake ya mahindi. Habari kubwa!

Huko, mtaa wa Namakwekwe, kuna mama wa Kinubi, Bi Hadijah. Mwaka sabini na tisa, vita vilipofika, alikimbilia Sudan na watoto. Miaka minane! Sasa amerudi, na wakubwa wa mtaa wamemrudishia nyumba ya marehemu baba yake. Kuna meza kubwa ya mvule, ya watu wanane. Siraje ametumwa maneno haya: wanatafuta mtu wa bei.

Mtu wa bei! Kuna mwingine?

Rehemah ameuliza kama mtu wa bei maana yake ni mnunuzi au ni kitu kingine. Nimemwambia asichimbe maneno mpaka maji yatoke.

Mpango ni huu. Mtu aliyetoka ukimbizini anataka sufuria na blanketi. Meza ya watu wanane ataifanyia nini? Nitaiponda. Kuponda ni sanaa! Kasoro tatu kabla chai haijapoa. Nitainunua kwa kilo kumi, nitaiuza Jinja kwa tisini.

Nyumbani tuna kilo kumi na kidogo. Ni mtaji wa Rehemah wa maandazi. Nimemwachia kikombe kimoja kama ishara ya imani.

Jumatano, 4 Machi. Mbale.

Njiani, kizuizi. Askari kijana akauliza sukari ni ya nini. Nikasema ni ya meza, afande. Akasema sukari yote ni ya meza. Siraje alicheka mpaka Busiu.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu, nyuma ya pikapu. Nitaeleza kwa utaratibu.

Sebuleni niliwakuta watatu. Bi Hadijah, mwembamba, shuka nyeupe kichwani, kiganja juu ya meza. Mwanamume wa makamo aitwaye Jafar, mnunuzi wa kahawa, koti lake linanukia kahawa mbichi. Na mwenyekiti wa mtaa, na muhuri wake. Nikasema moyoni: mashahidi wa mauzo. Watu waangalifu!

Halafu nikaitazama meza. Mungu anisamehe. Mbao moja kwa upana, bila kiungo. Miguu kama ya ndovu. Rangi ya asali iliyokolea. Nilitaka kuilalia.

Nikaanza kuiponda.

Nilisema mguu mmoja ni mfupi. (Sakafu ndiyo iliyotitia.) Nilisema ina dalili ya mchwa. Mchwa hawauwezi mvule, lakini nani alijua? Nilisema viti vinalia vikikaliwa, na kweli kimoja kililia, Mungu akibariki. Kisha nikaingia chini ya meza kutafuta ya nne. Huko kulikuwa na maandishi. Upande mmoja majina yamechongwa kwa kisu: Faraj, Hadijah, Burhan, kila jina na mwaka wake. Upande wa pili, penseli ya watoto: a, e, i, o, u, na picha ya kuku. Nikatoka nikasema meza imechafuliwa kote chini, na hilo linashusha bei zaidi.

Kadiri nilivyoponda, Jafar alizidi kuinama. Bi Hadijah alikuwa akiipapasa mbao kwa kiganja. Nilidhani nimemwumiza, na kidogo, kidogo sana, niliona haya. Mwisho akaniuliza:

"Bwana Magidu, kwa Mungu mmoja, hiyo ndiyo bei ya haki?"

Nikainua mkono. Nikasema kilo kumi, na hapo nimeongeza kwa heshima ya marehemu.

Mwenyekiti akaniomba niandike. Mimi na karatasi! Nikaandika kwa ile hati yangu ya kiwandani: "Meza ya mvule, kuukuu, pamoja na viti vyake vyote, bei yake ya haki popote pale isizidi kilo kumi za sukari." Nikatia sahihi. Yeye akapiga muhuri. Ndipo nikatoa mfuko wangu mezani, nikamwita Siraje tubebe.

Wakanitazama.

Mwenyekiti ndiye aliyeeleza, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Meza ni ya baba yake Bi Hadijah. Vita vilipopita, wezi waliitoa nyumbani, na Jafar akainunua barabarani, kwa pesa yake, bila kujua. Baadaye alipangishwa nyumba ile ile akairudisha humo humo. Mama anaitaka. Jafar hataki kupoteza alichonunua. Wamekubaliana mama ainunue kwake kwa bei ya haki, itakayosemwa na mtu wa samani kutoka mbali, asiyemjua yeyote kati yao.

Mtu wa bei.

Jafar alikuwa ametaka kilo arobaini. Bi Hadijah alikuwa ameuza bangili ya mama yake kuzipata. Zilikuwa pale nyuma ya mlango, gunia zima. Akapima kumi. Mwenyekiti akamshikia mfuko. Kisha mama akaweka paji la uso juu ya mbao akalia bila sauti. Alipoinuka aliniombea dua ndefu, mimi na kizazi changu, akanipa kisra, mkate wao mwembamba, na mchuzi. Nilikula. Ulikuwa mtamu.

Jafar aliipokea sukari yake akasema tu kwamba watoto wake wanne wamejifunzia kuandika juu ya meza ile. Hakuniaga akitoka.

Alhamisi, 5 Machi. Jinja.

Rehemah amepokea kilo zake zote kumi. Amezipima mara mbili. Kisha akaketi chini akacheka mpaka akafuta macho na khanga. Ameuliza kwa nini sikuuliza kwanza nani anauza.

Nimemwambia nilijua tangu mwanzo. Nilifanya kwa ajili ya haki! Mjane, yatima, mkimbizi.

Amesema, kwa maneno ya Siraje, Bi Hadijah ana miaka arobaini na sita, yatima gani.

Gaster amevuka njia kunipa mkono. Siraje amemsimulia yote, ila kwa namna ambayo mimi ni mtu mwema. Gaster amesema alikuwa akinidharau na anaomba msamaha. Hili limeniuma kuliko tusi.

Ijumaa, 6 Machi.

Msikitini watu watatu wamenisalimia kwa heshima. Mmoja ameniita mpenda haki. Nimejaribu kutembea kama mpenda haki. Kumbe unatakiwa kupunguza mwendo.

Nikirudi nimepandisha meza yangu hadi kilo sabini. Mpenda haki anaaminiwa, kwa nini asifaidike?

Jumamosi, 7 Machi.

Siku mbaya.

Saa nne asubuhi lori la kahawa limesimama mbele ya baraza. Ameshuka Jafar, koti lile lile, mfuko begani. Nimemkaribisha kwa mdomo mkavu. Hakukaa. Ameizunguka meza yangu, ameipapasa, kisha ameuliza ni mbao gani. Nimesema mvule, mvule halisi, ya zamani, isiyopatikana tena! Mdomo wangu! Ameuliza na hivi viti sita ni vyake? Vyote, nimesema.

Ndipo akatoa karatasi. Ina muhuri.

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Jafar akampa karatasi Gaster aisome. Gaster alitoa misumari mdomoni, akasoma kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alipofika "popote pale" akasimama, akanitazama, akarudia.

Nilisema ile ilikuwa na kasoro. Gaster akaingia chini ya meza yangu bila kualikwa, akatangaza tano. Mbili sikuzijua. Moja ni kweli.

Nilisema karatasi ni ya Mbale na hapa ni Jinja. Mzee mmoja akauliza kama haki hushukia njiani.

Jafar hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema hivi, kwa utulivu:

"Sikuja kugombana, bwana. Uliapa ni bei ya haki. Nikaikubali ikiniumiza. Nawe ikubali."

Niliinunua meza hii kwa kilo thelathini. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nikaona kwamba nikisema nitakuwa nimesema niliapa uongo. Nikaufunga.

Rehemah alitoka na chai. Alimkalisha Jafar kwenye kiti kimoja kati ya vile sita, akamwuliza watoto wanaendeleaje. Jafar akasema tangu Jumatano wanaandika wamelala kifudifudi sakafuni, na mdogo ana kikohozi. Rehemah akanigeukia, akasema neno moja.

"Mpe."

Nimempa. Nilisaidia kubeba. Kona moja ilinibana kidole. Sukari aliyoniachia ni ile ile ya Bi Hadijah, na Rehemah ameiweka na ile yake. Sasa zimekuwa ishirini, mtaji wa maandazi. Sijaulizwa.

Jafar, lori likiunguruma, alinipa mkono. Akasema sasa nyumba mbili zina meza, na kwamba huenda mimi si mtu mbaya, ila nina haraka. Baraza liko wazi kama uwanja. Mlango bado upo. Kabati bado lipo.

Jumatatu, 9 Machi.

Siraje ameleta barua kutoka kwa Bi Hadijah. Mwandiko wa mtoto, maneno ya mama. Familia tano zilizorudi kutoka Sudan zina mizozo kama yake: kitanda kiko kwa jirani, kabati liko kwa shemeji. Wote wanataka mtu wa bei yule yule. Kila upande utanipa kilo moja ya sukari kwa kazi ya siku moja. Anasema meza imelala vizuri mahali pake pa zamani, na kwamba jana walikula juu yake watu kumi na mmoja.

Rehemah amesoma mara mbili. Hakucheka. Amesema hii ndiyo kazi, Magidu: ya heshima, haihitaji mtaji, unatakiwa tu kusema unachokiona. Amenipigia pasi shati.

Nimekubali. Nimeona kitu kifuani, kama joto. Nimebadilika! Kuanzia leo nitatazama, nitauliza, ndipo nitasema.

Alhamisi, 12 Machi. Busiu.

Nilikuwa njiani kwenda Mbale kwa kazi ile ya heshima. Tairi la Siraje limepasuka hapa. Kudra ya Mungu!

Ng'ambo ya barabara, uani kwa mtu, juani: kitanda cha mninga, kipana, kichwa kimechongwa maua. Na godoro lake nene! Samani zote za nyumba ziko nje. Wenyewe ni watu wanaojali mali: mama anamwaga maji ya moto kwenye maungio, binti anapaka mafuta ya taa kila ufa, na babu anapiga godoro kwa fimbo kwa bidii ya ajabu. Kwetu Walukuba hakuna anayetunza kitanda namna hii.

Sikupata hata nafasi ya kuponda. Nilipokigusa tu, mwenye nyumba alitaja kilo nne, godoro likiwemo. Nne! Maskini, hajui bei. Nilimlipa haraka kabla mkewe hajamwonya, lakini mkewe ndiye aliyenishukuru zaidi. Sukari ilikuwa ya Rehemah, nilikuwa nimeibeba kwa dharura. Dharura imetokea.

Siraje, mtu anayebeba mbuzi, samaki na simenti, amekataa kabisa kukipakia kwenye pikapu. Wivu. Amesema angalau ningeuliza kwa nini vitu vyote viko juani. Nimemweleza kwamba kuuliza kunapandisha bei. Ameenda Mbale bila mimi. Bi Hadijah atasubiri, ni mtu wa subira.

Nangoja lori la kurudi Jinja, nimelala juu ya godoro, naandika. Laini ajabu! Shingo na mgongo vinaniwasha kidogo. Jua la Busiu ni kali.

Nimeamua sitakiuza. Rehemah amevumilia mengi wiki hii. Kitanda hiki nitampa yeye, na leo hii hii atakilalia.