Mtandao wa Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 2 Machi

Padri anakuja Jumapili kunipaka mafuta ya wagonjwa. Ameagiza nitayarishe dhambi zangu mapema na kwa utaratibu, maana ana wagonjwa wengine. Nimefundisha fizikia hapa Kisangani hadi nywele zikaisha. Utaratibu nauweza. Naanza na dhambi za leo, bado mbichi.

Wivu. Nalionea wivu sanduku la plastiki! Liko sebuleni, juu ya marobota ya vitenge vya Kyakimwa, mke wa mwanangu Ruphin. Linapokea mtandao kutoka kwenye dishi la paani na kuugawa nyumba nzima. Isipokuwa chumba changu. Nyumba ni ya wakati wa Wabelgiji, kuta nene kama za gereza. Mawimbi yanafika koridoni, yanachoka, yanarudi.

Figo zangu zimekwisha. Daktari hakuficha. Miguu imejaa maji. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Nataka kitu kimoja tu: kitinda mimba wangu Orpha aione miguu hii, apande ndege kutoka Kinshasa, anikute ningali napumua.

Haamini kwamba naumwa. Ana sababu. Miaka miwili iliyopita nilimpigia simu kwamba nakata roho. Akaacha kazi, akaja mbio, akanikuta nakula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tena nimeongeza. Nilikuwa nimemkumbuka tu! Kazi hakuirudia. Tangu hapo simu zangu hapokei.

Ila kila Jumapili jioni hufungua mkutano wa video wa kikundi cha familia. Mwenye mtandao anaingia. Tableti ninayo. Mtandao sina. Sauti inaweza kudanganya, miguu haiwezi.

Nilimwomba Kyakimwa ahamishie sanduku kwangu. Alijibu kwa adabu yote ya watu wa Butembo: Papa, wateja wangu wa Isiro na Bunia watanitafutia wapi, chini ya kitanda chako? Ruphin alipendekeza nibebwe hadi sebuleni. Kwa maji haya nina uzito wa pirogi, mtumbwi mzima. Na mbele ya watu kumi nitamwombaje mtoto msamaha?

Jumanne, 3 Machi

Ushindi! Nimekumbuka waya.

Lile shirika la misaada lililokodi nyumba hii zamani lilipitisha waya wa mtandao ndani ya kuta, kila chumba na tundu lake. Walipoondoka walibeba hata vitasa. Waya hawakuweza kuung'oa. Tundu la sebuleni liko nyuma ya marobota, langu nyuma ya kabati. Kati yao waya umelala bure miaka yote, kama mimi.

Hoja ni hii. Waya hauogopi ukuta. Sanduku la sebuleni liunganishwe na tundu la kule. Huku kwangu sanduku la pili lipokee na kurusha mawimbi. Rahisi! Mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote angeelewa.

Sanduku la pili analo Muhindo, mdogo wake Kyakimwa, anauza simu sokoni. Alipita kunisalimu, yaani kuangalia kama nimekufa. Sikuwa na cha kumpa ila koti langu la kuzikiwa. Jeusi, la sufu. Alilijaribu. Lilimkaa vizuri kuliko mimi. Akaniambia: Bon, papa, wewe utalala tu. Mutu wa kulala anafanya nini na koti?

Nikamwachia. Dhambi: kumtumia kaka dhidi ya dada yake. Ndogo.

Alhamisi, 5 Machi

Muhindo alikuja wakati dada yake yuko ghalani. Akachomeka waya sebuleni, akasukuma kabati langu, akachomeka huku. Taa! Kijani! Nilikaribia kusimama.

Kisha kelele. Kyakimwa alikuwa amerudi, anazungumza na mteja wa Isiro kuhusu shehena nzima, na uso wa mteja umeganda mdomo wazi. Nyumba yote imekosa mtandao. Kosa la Muhindo! Aliacha sanduku langu ligawe namba za kuingilia mtandao kama linavyogawa lile la sebuleni. Masanduku mawili, kila moja linajiona mwenye nyumba, na simu hazijui zimtii nani. Kama mimi na Kyakimwa.

Alimshuku mumewe. Alimwambia kwamba kila anachogusa kinakufa, kuanzia pikipiki hadi kuku. Ruphin aliapa hajagusa kitu. Ningeweza kumwokoa kwa neno moja. Nilikohoa. Muhindo akachomoa waya, akajidai amerekebisha, akapewa soda.

Dhambi: ya kawaida.

Ijumaa, 6 Machi

Muhindo amerudi na kulishusha cheo sanduku langu. Halitawali tena, linapitisha tu. Mtandao umejaa hadi kitandani!

Nenosiri sikuweka. Vidole vinatetemeka, vinabonyeza herufi tatu kwa pamoja. Nani atakuja kuiba mtandao kwa mgonjwa?

Vijana wa barabara yetu. Wote. Jioni walikuwa wameketi chini ya dirisha langu, vichwa chini, simu mikononi. Waliniita papa profesa, wakauliza kama nimekula. Tangu nistaafu sijapata darasa tulivu namna hiyo. Niliwaacha. Dhambi: kiburi.

Kyakimwa amelalamika kwamba mtandao umekuwa mzito. Nimemwambia ni mawingu.

Jumamosi, 7 Machi

Sijui niiandikeje siku hii.

Mvua ilianza alasiri. Vijana hawakuondoka. Waliazima viti vya plastiki kwenye baa ya jirani, wakafunga turubai kutoka dirishani kwangu hadi kwenye mpapai, simu zisilowe. Turubai, viti, watu wengi wamenyamaza na kuinamisha vichwa. Nje ya nyumba ambayo mtaa mzima unajua ina mzee mgonjwa. Katika mji huu kitu hicho kina jina moja tu: matanga.

Mama wa kwanza aliruka kutoka kwenye toleka, baiskeli bado inakwenda, akajifunga kitenge kiunoni na kuanza kulia. Wa pili akafuata. Vijana wakasimama kwa heshima, wakawapa viti. Hakuna aliyeuliza. Nani huuliza msibani kama marehemu amekufa kweli? Dada yangu Pélagie alivuka mto kutoka Lubunga kwa pirogi, mvua inampiga, akajibwaga kwenye matope akinililia: Kaka yangu, kichwa ngumu, hata kuniaga hukuniaga! Muhindo alifika na uso wa huzuni. Amevaa koti langu.

Niliita. Sauti yangu haishindi mvua. Kyakimwa alikuwa sokoni. Ruphin habari ilimkuta bandarini, akaamini. Hata kuja kunitazama kwanza? Hapana. Alianza kulia hukohuko, akatangaza kwenye kikundi cha familia.

Ndipo tableti ikalia kifuani pangu. Kikundi cha familia. Aliyepiga ni Orpha.

Niliingia, kamera imefungwa. Hakuna aliyeona jina langu. Macho yao yalijaa machozi. Ruphin alikuwa anasema sikuwahi kumwonea mwanafunzi. Uongo, lakini mzuri. Pélagie alisema kwetu, Yanonge nzima haikuwa na kijana mwenye sura kama yangu. Nilipaswa kusema niko hai. Nikasubiri kidogo. Walikuwa bado hawajafika kwenye miaka yangu ya ukuu wa shule.

Kisha akasema Orpha. Miaka miwili sijaisikia sauti ile. Alisema: Papa, nilikasirika tu, sikukuchukia. Nilifikiri utaningojea. Alisema kesho anapanda ndege, hata ikibidi auze cherehani yake.

Nililia. Nikawasha kamera. Nikasema, asante, mwanangu, njoo.

Pélagie alitupa simu kwenye matope. Ruphin alimwita Yesu. Orpha peke yake hakupiga kelele. Alinitazama. Picha ilikuwa safi mno, waya ule ni wa kusifiwa. Aliona natabasamu. Aliona miiba ya samaki kwenye sahani. Akauliza polepole: Papa, hata turubai ni wewe? Nikasema ni vijana. Akauliza: Na wale mama wa kulia? Nikaanza kumweleza habari ya waya, ukuta, masanduku mawili na lipi limeshushwa cheo.

Akakata.

Miguu sikumwonyesha. Nilisahau miguu!

Jumapili, 8 Machi

Padri amekuja. Nusu ya parokia imekuja naye, wengine wamebeba maua. Wamekasirika kunikuta.

Nilianza kuungama kwa utaratibu: wivu, Jumatatu. Alinikatiza, akauliza kama najuta yale ya jana. Nikasema najuta sana, ningenyamaza hadi ndege itue. Alifunga chupa ya mafuta. Akakaa. Akaifungua tena, akanipaka, akatoka.

Kyakimwa ameuona waya nyuma ya marobota. Nilijiandaa kwa vita. Aliingia, akaketi kitandani, akabonyeza mguu wangu kwa kidole. Akalitazama shimo. Lilikaa pale muda mrefu. Akasema tu: Ee, papa.

Halafu alimpigia Orpha mwenyewe, kamera kwenye miguu yangu. Nilisikia kila neno. Orpha alimuuliza: Belle-sœur, wifi yangu, hata wewe amekununua? Kyakimwa aliapa kwa jina la watoto wake. Akamwambia: Huyu mzee ni mwongo, ndiyo, lakini maji haya si uongo. Orpha akajibu kwamba ameshanililia jana, na mtu mmoja hawezi kuliliwa mara mbili.

Kyakimwa alifuta macho kwa kitenge cha kuuza. Waya hakuuchomoa. Aliweka nenosiri, akaniandikia yeye mwenyewe kwenye tableti, herufi kwa herufi. Vijana wamerudisha viti baa.

Jumatatu, 9 Machi

Maji yamefika kifuani. Daktari sasa hazungumzii wiki, anazungumzia siku. Naandika nimeketi, nikilala nazama.

Mtandao umejaa, na ni wangu peke yangu. Orpha amejitoa kwenye kikundi. Ananisikitisha mtoto yule, nyumba nzima imenyamaza kwa ajili yake. Ruphin anaingia, ananishika mkono, anatoka.

Nimefikiri tangu asubuhi. Kosa langu liko wapi? Nimelipata. Orpha alikuwa anakuja! Alikwisha kukubali, alikwisha kusamehe, hadi pale nilipofungua kamera nikiwa hai. Kosa ni kutabasamu.

Basi nimemwita Muhindo. Alete pamba ya kutia puani na shuka nyeupe. Nitafumba macho, atanipiga picha moja tu, atamtumia Orpha kutoka humu chumbani, pasipo mkutano, pasipo maswali. Pumzi nitaibana. Siku hizi si kazi.

Muhindo ameniuliza: Na ukikufa kweli, papa, kabla afike? Nimemjibu, alors, picha haitakuwa na dhambi.

Akishafika nitafumbua macho polepole, asishtuke.