Jinsi Nilivyomfuata Nangila Myanga kwa Pikipiki Isiyofika Chini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nangila ameenda kwao Myanga. Amepanda gari la asubuhi, akaniachia uji kwenye thamosi. Kwa hivyo si hasira. Mtu mwenye hasira hapiki uji. Lakini alisema hatarudi mpaka niamue ninaishi na nani. Nimewaza jambo hilo siku nzima dukani ninakofanya kazi hapa Kitale, hadi nikampimia mkulima chumvi ya ng'ombe badala ya mbolea. Ninaishi na nani? Tuko wawili tu. Watatu, ukihesabu pikipiki.

Nimejaribu kukumbuka kosa. Wiki jana nilichemsha cheni ya pikipiki ndani ya sufuria yake ya ugali. Ilitoka safi ajabu. Juzi nilikata sponji kwenye mto wa sofa, kipande tu, nikatengeneza filta ya hewa, kwa sababu vumbi la mwezi huu linaingia hata kwenye meno. Jana nilimpita njiani akienda kanisani kwa miguu. Nilimpigia honi. Honi mpya! Ni mume gani mwingine Kitale nzima aliyempigia mkewe honi jana?

Nimefikia uamuzi. Pikipiki ndiyo haijamridhisha. Ni ya porini, ya kupanda milima na kuruka mitaro, na kwa kweli siku hizi inakohoa ikifika kwenye kilima cha shule. Mke atajivunia vipi kitu kinachokohoa? Nitaiboresha, halafu Jumamosi niende nayo Myanga kumchukua. Akiiona atarudi mwenyewe.

Nyumba imenyamaza sana leo. Sipendi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimempelekea fundi Kagwe pikipiki. Akaivuta ile sponji yangu, akaitazama, akaniuliza kama nimewahi kujaribu kupumua nikiwa nimefunikwa na mto. Nikamjibu kwamba swali hilo halihusu pikipiki. Akaweka filta ya kawaida. Kikohozi kikaisha hapo hapo. Sijaelewa, lakini nadhani ni ile cheni safi imeanza kusaidia.

Nikamwambia sasa tuinue. Nataka shokabzoba ndefu, zile springi za kumeza mishtuko, mbele na nyuma, ipite juu ya kila kitu. Kagwe akasema ati tayari ni ndefu kuliko mimi, na kwamba yeye hana vipuri vya kurefusha miguu ya mtu. Kagwe hana maono.

Jioni Muchiri, jirani yangu wa bodaboda, alichungulia juu ya ua. Akasema Nangila alionekana na huzuni jana yeye alipombeba kwenda stendi. Alimbeba! Mke wangu, kwenye kiti cha Muchiri, chini ya mwavuli wa Muchiri. Akanishauri nimpigie tu simu, bana, nimwambie pole. Muchiri akiona tatizo lolote, kazi yake ni kulifanya dogo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Jana nilifika Moi's Bridge kwa Kimaiyo, anayeuza vipuri vya mitumba. Alikuwa na shokabzoba za pikipiki kubwa zaidi, ndefu kama za ngamia. Leo Kagwe amezifunga. Amesema anafunga kwa mikono tu, moyo wake haumo.

Imekuwa nzuri mno. Imesimama juu kama dume la ng'ombe. Tatizo ni dogo. Nikikaa, miguu haifiki chini. Hata kidole. Nikiinama kushoto tunaanguka sote kushoto, na kulia ni hivyo hivyo. Lakini nimegundua mbinu: naanzia kwenye jiwe na kuishia kwenye jiwe. Nyumbani kuna jiwe kando ya mlango. Kazini kuna ukingo wa barabara. Katikati sisimami. Watu wanaojua kuendesha hawasimami-simami.

Nilimpigia Nangila kumweleza habari za shokabzoba. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nitakula nikimaliza kukaza nati za nyuma. Simu ikakatika. Mtandao wa Myanga ni mbaya sana.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shokabzoba mpya ni ngumu. Kiuno kinalia. Nimechukua mito miwili iliyobaki kwenye sofa, nikaishonea juu ya kiti. Sasa niko juu zaidi, lakini kwa raha. Nimebadilisha pia ekzosi, bomba la moshi, nikaweka linalonguruma. Mtoto wa jirani ametuma ombi kupitia mamake kwamba alikuwa amelala.

Nimenunua sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia ya wakwe, nimeweka yote kwenye mkoba wa mgongoni. Shati nimepiga pasi mwenyewe. Nimechoma kola. Kila nikipita karibu na kitanda namkumbuka Nangila, basi nimepitia upande mwingine.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Lazima niandike.

Safari ilikuwa njema. Kiminini, Kamukuywa, Bungoma mjini, kote sikusimama. Polisi mmoja alinyoosha mkono nikampungia. Mbele ya Myanga nikaacha lami, nikaingia kwenye njia za mashamba, na pikipiki ikafurahi kama iliyotolewa zizini.

Hapo ndipo nilipokumbuka mama mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hakuna kushikana mikono. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Pikipiki hii imetengenezwa kwa ajili ya kuacha njia.

Nikaingia bomani. Ekzosi iliwatoa watu wote nje. Nikamwona Nangila mlangoni na moyo ukaruka. Nikatafuta jiwe la kusimamia. Hakuna. Boma limefagiwa, halina hata kokoto. Nikaona nizunguke nyumba, huenda liko nyuma.

Nyuma alikuwa mama mkwe, ameanika maharagwe. Akajifunika leso usoni, akakimbilia jikoni. Adabu kamili. Nami nikageuza uso upande wa pili, kama inavyotakiwa, na nilipogeuza uso pikipiki ikapita juu ya maharagwe.

Mzunguko wa pili, yeye alidhani nimetoka kwa lango. Akatoka jikoni. Tukakutana kando ya ghala. Akaacha njia, akaingia kwenye migomba. Kwa heshima nami nikaacha njia. Upande wangu pia ulikuwa ni migomba.

Baba mkwe alikuwa amesimama na fimbo akiuliza kwa sauti nina shida gani. Nikamweleza, sentensi moja kila nilipompita. Nilianza kwa salamu. Mzunguko wa nne nilikuwa bado kwenye shokabzoba ya mbele. Mama mkwe sasa alikuwa amejifungia chooni. Mwishowe Levi, kaka yake Nangila, akaruka akaukamata mkoba mgongoni. Mkoba ukabaki, mimi nikabaki na mkoba, pikipiki ikaenda peke yake ikalala kwenye ua wa michongoma.

Nilianguka mbele ya mlango wa choo. Suruali ilikuwa imepasuka, nikaomba nilale kidogo nipate pumzi. Hawakuniruhusu. Levi akaniambia nikiwa hapo mama hawezi kutoka. Wakanibeba.

Nangila hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Baada ya kanisa kulikuwa na kikao. Baba mkwe na ami wawili wa Nangila, Levi, mimi kwa suruali ya Levi. Nangila ameketi kwenye kigoda.

Baba mkwe akauliza kama najua kwa nini binti yake yuko kwake. Nikasema cheni. Akauliza tena, polepole. Nikasema sponji. Ami mmoja akatoka nje.

Nangila akaongea, kwanza akitazama chini, halafu akinitazama mimi. Alisema tangu pikipiki iingie nyumbani anapewa habari za afya yake kila jioni: imepata joto, imekunywa oili, imekohoa. Alisema mwezi wa kwanza yeye mwenyewe alikohoa wiki mbili, nami siku moja nikarudi nimebeba kitu kwenye karatasi akadhani ni dawa. Ilikuwa plagi ya pikipiki.

Plagi naikumbuka vizuri. Kikohozi nilikitafuta kichwani, sikukiona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia pole, mbele ya wote.

Akasema yeye hataki pikipiki ndefu wala fupi. Hataki kupigiwa honi. Anataka tuwe tunaenda pamoja, basi. Wazee wakaitikia. Mama mkwe naye akatuma neno kutoka jikoni kwamba amesamehe maharagwe, lakini pikipiki itabaki Myanga mpaka upanzi uishe. Nikakubali. Ningekubali hata wakisema nibaki mimi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Tumerudi pamoja kwa gari la abiria. Nangila alilala begani mwangu kutoka Kamukuywa. Sikusogea, hata bega lilipokufa ganzi. Nyumbani alitazama sofa, akatandika blanketi juu ya mbao, akaketi. Nikapika mimi. Ugali ulikuwa na harufu ya oili kidogo. Akala. Nikamuuliza siku yake imekuwaje, akanitazama kwa mshangao, akanieleza mpaka taa ikazimwa. Sijawahi kulala vizuri hivyo mwaka huu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku tatu nimewaza maneno yake pale kwenye kikao. Twende pamoja. Leo nikipanga mifuko ya mbegu nikaelewa ghafla, nikajipiga paji la uso. Tunaenda vipi pamoja na pikipiki ni moja?

Nimeomba ruhusa mapema, nimefika Moi's Bridge. Kimaiyo alikuwa na nyingine ya porini, ya rangi ya samawati, rangi anayoipenda Nangila. Haina injini ndani. Injini iko, lakini kwenye gunia. Kimaiyo alihitaji meza ya kulia chakula, nasi tulikuwa nayo, tukabadilishana. Fremu nimeisimamisha sebuleni mahali pa meza. Vipande vya injini nimevipanga kitandani upande wake, juu ya gazeti, ili avione vyote kwa pamoja. Magurudumu yako jikoni.

Amerudi sasa hivi kutoka sokoni. Nimemwambia ni yake, yake peke yake, na kwamba safari hii nimeelewa. Amesimama mlangoni na kikapu mkononi. Furaha imemzidi. Halafu ameniuliza kwa upole kama kweli nimeelewa, nikasema kabisa.

Sasa yuko chumbani. Namsikia akikunja nguo, na zipu ya begi inafunguka. Sijui tunaenda wapi, lakini naona heri nikatafute viatu vyangu.